Mchoraji Aliyeanza na Picha ya Mwisho

Mchoraji alikuwa na mikono mizuri. Nianze na hilo, ili mtu asije akasema chuki ilinipofusha. Vidole virefu, kucha fupi, na kwenye kidole cha kati sugu ya penseli, kama hii yangu ya kusokota katani. Akishika penseli, hata watoto wa jirani yangu Kalekye, wale wasiotulia kanisani, walinyamaza. Mbuzi alitoka kwenye karatasi na ndevu zake na ujeuri wake wote. Ukimwangalia unajua ni mbuzi wa nani.

Jina lake nalijua. Nalijua lake, la marehemu baba yake, na la dada yake aliyekimbilia Uturuki vita vilipowatoa kwao Syria. Mimi jina likiniingia sikioni halitoki. Shule niliacha darasa la tatu, lakini niulize wasichana niliosoma nao Kanyangi, nitakutajia mmoja mmoja na mahali alipoolewa. La huyu mama sitalitaja. Anayelitaka alisome kwenye jalada la kitabu chake. Liko pale, kwa herufi kubwa kuliko za kichwa chenyewe.

Hapa kwetu, upande wa Kibwezi, tulimwita Mchoraji na akaitika. Aliletwa na mradi wa vitabu vya watoto. Wale waliomleta walikaa kidogo, joto likawashinda, wakarudi Nairobi. Yeye akabaki. Alipanga vyumba viwili Kibwezi mjini, nyuma ya duka la Twaha, muuza magodoro ambaye wazee wake walitoka pwani, na mke wa Twaha, Bi Rukia, ndiye aliyemfundisha Kiswahili. Ndiyo sababu siku ya kwanza aliyokuja kwangu alinisalimia, "Shikamoo, Bibi." Huku kwetu bibi ni mke wa mtu. Kalekye alicheka mpaka akaweka chini kyondo, kikapu cha katani alichokuwa anasuka.

"Haya, umepata bwana uzeeni," akaniambia kwa Kikamba. "Na bwana mwenyewe amevaa marinda."

"Mwambie aniite Susu," nikasema. Susu ndiyo nyanya kwa lugha yetu. "Aniite kama wengine."

Aliambiwa. Hakubadilisha. Mchoraji ukimrekebisha alitabasamu, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea vile vile alivyoanza. Anayetaka kumjua aanzie hapo.

Kazi yake ilikuwa kupenda. Alipenda watoto, alipenda mila, alipenda urithi. Neno hilo urithi alilitamka kama mtu anayeonja asali. Lakini mila alizopenda ni zile zilizokwisha kufa. Kikundi chetu cha kusuka kilikuwa na wanawake wenye simu, wenye mabati, wenye watoto polisi. Yeye akataka tufunge shanga ambazo hata mama yangu alizivua akiwa msichana, siku aliyobatizwa. Alitaka tuvue viatu ndipo atuchore.

"Kwani bila viatu ndio Ukamba unaingia?" Kalekye akamuuliza. "Unapandia miguuni?"

Mchoraji hakuelewa, akacheka na sisi. Halafu akachora viatu vyote vimetoka. Kwenye kitabu chake chote hutaona mtungi wa plastiki hata mmoja. Wanawake wote wanateka maji kwa vibuyu. Mimi hapa nimebeba plastiki ya manjano mgongoni, kamba kwenye paji la uso, tangu watoto wangu wako shule ya msingi, na mtungi wangu ulikuwa umesimama pale pale mbele yake. Aliutazama, akachora kibuyu. Nikajua huyu mtu macho yake yanaona anachotaka yeye.

Na hadithi je? Alikuja kutafuta hadithi. Alikaa juu ya kigoda changu, akafumba macho, mimi nikasimulia ile ya fisi aliyejifanya mjomba, akapewa mtoto amlee, akamla. Mama yangu aliisimulia hivyo, na sisi tukalala tumebana mlango, na hakuna aliyemfuata mgeni. Ndiyo kazi ya hadithi hiyo. Alipoirudisha imeandikwa, Bi Rukia akanisomea. Fisi amelia. Fisi ameomba msamaha. Fisi na mtoto wanacheza kamba.

"Bi Rukia, soma tena," nikasema.

"Ndivyo ilivyo, mama. Wanacheza kamba."

"Na mifupa?"

"Hakuna mifupa."

Nikamuuliza Mchoraji mwenyewe, akanijibu na ule mkono wake mzuri kifuani, "Bibi, watoto wangu wameona mifupa ya kutosha." Alimaanisha watoto wa kwao. Nikashika tena katani yangu. Lakini nikajiambia moyoni, fisi wa Kanyangi hajawahi kuomba mtu msamaha, na mtoto akidanganywa hivyo ataliwa.

Nisiseme alikuwa mbaya kwa kila jambo. Alijua kupika. Kwao hufunga wali na nyama ndani ya majani ya mzabibu. Hapa mzabibu autoe wapi, akachukua majani ya malenge. Kikundi kizima tulikaa kumtazama akifunga vile vifurushi, kimoja kimoja, vidogo kama vidole.

"Sisi majani ya malenge tunakula," Kalekye akasema. "Huyu anayashonea mchele nguo."

Vilikuwa vitamu. Nilikula na nikaongeza. Lakini yeye muthokoi yetu, mahindi tuliyoyatwanga maganda yakatoka, tukayapika na maharagwe kutwa nzima, aliigusa na ncha ya kijiko akasema tumbo lake ni gonjwa. Tumbo hilo hilo lilikula vitunguu vibichi kama matofaa. Chupa yake ya mafuta ya zeituni aliifungia kabatini na ufunguo akautia shingoni. Kitabu chake kimoja kilihusu watoto wanaogawana mkate.

Penseli nazo zilikuwa ndani ya bati la biskuti, rangi zote, amezichonga kwa wembe. Alikuwa na msemo wake, "Hakuna mtoto wa pembeni." Aliusema kila mahali, akiingia shuleni, akitoka, hata akinunua nyanya. Siku moja Muthama, kitinda mimba wa Kalekye, akashika penseli ya bluu. Kuigusa tu. Mchoraji alimpiga mkono kofi, pa! Sote tulisikia. Kisha akaanza kulia yeye mwenyewe, akamkumbatia mtoto, akamjaza peremende mifukoni, na bado ile penseli akairudisha ndani ya bati na kufunga. Muthama alituangalia, anakula peremende, hajui kama amependwa au amepigwa.

Dini yake hatukuijua. Ramadhani alifunga na Bi Rukia. Krismasi alikuja kanisani kwetu akaimba nyimbo asizozijua, kwa sauti, na machozi. Pasta Kioko akampenda sana kwa machozi hayo.

Sasa nifike kwa Kasyoka, maana bila yeye nisingefungua mdomo.

Kasyoka ni mtoto wa mwanangu Mutinda, anayefanya kazi Mombasa. Dada zake wawili walikuwa wamechukua majina ya nyanya zao, mimi na yule wa upande wa pili, kwa hivyo yeye akapewa la mama yangu. Sisi jina likimrudia mtoto, heshima nayo inamrudia. Mimi Kasyoka simwiti kwa jina. Namwita Mwaitu, mama, tangu akiwa na kamasi. Miguu yake haikukomaa. Ilibaki myembamba, laini, haishiki chini. Hutembea kwa mikono, amekalia kipande cha tairi ambacho Mutinda alimshonea kamba kiunoni. Ana akili kali na mdomo mkali. Mama yangu hakuona darasa. Mimi nililionja tu. Huyu niliapa kwamba atasoma. Sikuomba kingine.

Shule yetu iko juu, kwenye mawe, na darasa la kwanza lina ngazi mlangoni. Nilimbeba mgongoni nikampeleka. Hakukaa muda mrefu. Mwalimu mkuu, Mutuku, mtoto wa Nzioka aliyekuwa anachoma makaa, akaniita ofisini.

"Susu, mtoto anatambaa mpaka chooni. Choo cha shimo. Ataugua, na lawama itakuwa ya nani?"

"Kwa hivyo?"

"Mkae naye nyumbani kwanza. Kuna afisa wa kaunti, Madam Ndinda, anazunguka kuandikisha watoto kama hawa. Analeta kiti cha magurudumu, anajengea shule mteremko na choo cha kukalia. Atafika hata hapa. Vumilieni."

Tukavumilia. Ni wakati huo huo Mchoraji alipomwona Kasyoka uani kwangu, akiwatukana kuku. Alisimama pale kama mtu aliyepigwa na jua. "Huyu," akasema. "Huyu ndiye kitabu changu."

Nilikataa. Nikamwambia mtoto si kibuyu. Akarudi. Nikakataa tena. Mara ya tatu akaja bila bati lake la penseli, akaketi chini, si kwenye kigoda, akanieleza jambo. Kwao, mji wa Halab, aliwahi kuanza kitabu cha watoto wa mtaa wake. Alikichora kwa mpangilio, ukurasa wa kwanza, wa pili, mtoto huyu, mtoto yule, muuza mkate, paka wa muuza mkate. Kabla hajafikia ukurasa wa mwisho mtaa haukuwepo. Hakuwa na mtu wa kumchora tena.

"Tangu siku hiyo, Bibi, mimi huanza na picha ya mwisho," akasema. "Nachora mwisho mzuri kwanza. Halafu narudi nyuma polepole. Nikijua mwisho uko salama, mkono hautetemeki."

Kalekye alikuwa karibu, anaanza kyondo kipya, nyuzi zimetawanyika gotini kama miguu ya buibui. Kyondo huanzia kitakoni, unazunguka, unapanda, mdomo ni mwisho. Kalekye akaguna, "Aiya! Kuanza na mdomo? Kitashika nini hicho?"

Mimi sikucheka. Nilimwonea huruma mama wa watu. Nikamwambia, haya, mchore.

Akamchora vizuri, sikatai. Kasyoka na kuku. Kasyoka na kipande chake cha tairi, vumbi limetimka nyuma yake kama gari la mbio. Kasyoka na mimi, namwita Mwaitu. Mchoraji alilipenda sana jambo hilo la jina, akaliandikia ukurasa mzima, na humo hakukosea. Lakini picha ya mwisho, ile aliyoianza kabla ya zote, hakutuonyesha mpaka kitabu kikatoka.

Siku hiyo shule ilijaa. Wageni wa magari makubwa, maji ya chupa, Mutuku amevaa tai. Mtu akanipa kitabu, nikafungua nyuma, kama ninavyofungua Biblia. Kasyoka yuko darasani. Amekalia kiti cha magurudumu, chekundu. Mlangoni kuna mteremko mpana umepakwa chokaa. Mbele yake kitabu kimefunguka na mdomo wake uko wazi, anasoma, na watoto wengine wamemzunguka. Niliwajua wote: Muthama, Mwikali wa Ndeto, Kyalo mwenye pengo. Walikuwa wao kabisa. Ungeapa ni picha ya simu.

Kasyoka mwenyewe alikuwa nyuma, kwenye vumbi, juu ya tairi lake. Walimwinua, wakamkalisha kwenye dawati la mbele, wakapiga picha na wageni. Walipomaliza wakamrudisha mgongoni kwangu.

Wale wageni walifurahi wakaletea shule madawati mapya. Mutuku akapewa ubao wa kisasa. Na baada ya siku chache Madam Ndinda akafika, yule tuliyemvumilia. Niliposikia nikashika njia na Mwaitu mgongoni, napandisha kilima, jasho limenifumba macho, nikamkuta anatoka getini na kitabu mkononi.

"Kumbe ndiye huyu!" akasema, amefurahi. "Kasyoka wa kitabu! Hongera, nyanya. Hawa wa vitabu wamemfanyia kazi nzuri."

"Kazi gani, Madam? Hawajafanya kitu."

Akacheka. Alidhani naringa. "Mwalimu mkuu amenionyesha kila kitu. Acha sasa nikimbilie wa Kambu, huko kuna watoto hawana hata mtu wa kuwaona." Akapanda gari. Nilipiga bodi la gari kwa kiganja. Dereva alidhani naaga, akapiga honi.

Nikaingia kwa Mutuku bila kubisha.

"Umemwambia nini yule?"

"Sikumwambia kitu, Susu. Alijionea mwenyewe."

"Alijionea karatasi!"

"Basi sasa mimi nisemeje? Nikisema picha ni uongo, wale wa madawati watatuonaje? Warudi wayabebe? Vumilia, Susu. Hata mtoto amekuwa maarufu."

Nilipanda bodaboda mpaka Kibwezi, nikamkuta Mchoraji kwenye ua wa Twaha. Karatasi zimeanikwa kwenye kamba kama nguo.

"Mchoraji, umemweka mtoto darasani."

"Ndiyo, Bibi! Umependa?"

"Hayuko darasani."

"Atakuwa."

"Lini?"

"Kwanza picha," akasema, bado anatabasamu, "halafu ukweli unafuata. Mimi nachora mlango. Mtu akiuona, anafungua."

"Mwenye kufungua alikuja. Akaona picha yako, akadhani umeshafunguliwa, akaenda Kambu."

Nilimwona akielewa. Naapa nilimwona. Tabasamu lilishuka, akashika kamba ile ya karatasi. Halafu likarudi, akaniita Bibi yangu, akanishika mabega, akasema ataongea na mwalimu mkuu, nisiwe na wasiwasi, hakuna mtoto wa pembeni. Bi Rukia akaleta chai. Sikuinywa.

Aliongea na mwalimu mkuu, ni kweli. Alimpigia simu kumshukuru kwa sherehe. Mutuku mwenyewe aliniambia. Kabla mwezi haujaisha akafunga bati lake la penseli akaenda Uturuki kwa dada yake, na kitabu kile kikaenda nchi ambazo mimi sitaziona, watoto wakafundishwa kwacho kwamba kila mtoto ana nafasi. Madam Ndinda akahamishwa. Aliyekuja nyuma yake nikamwendea, akanionyesha kitabu kile kile. Nikachoka kuonyeshwa mjukuu wangu.

Kasyoka akakua. Mgongo wangu ukamkataa. Alijifunza kusuka kutoka kwa Kalekye, na anasuka vizuri kuliko sisi wote kwa sababu mikono yake ndiyo miguu yake. Watu wakija kununua wakisikia jina, wanasema, "Si wewe ndiye wa kitabu?" Anawapa kyondo na kuwageuzia uso. Muthama na Mwikali wakapanda darasa, wakapanda lingine. Yeye alijua hadithi yake yote kwa moyo tangu tuliposomewa, lakini ukimwonyesha herufi ni kama unamwonyesha nyayo za kuku.

Mwaka huu Mchoraji akarudi. Kitabu kimetafsiriwa kwa Kikamba, kinagawiwa shuleni, kuna hema, kuna vipaza sauti, Pasta Kioko ndiye msema chochote. Kalekye akaniambia, "Tunaenda."

"Siendi."

"Unaenda. Na Mwaitu anaenda. Mimi nasukuma."

Tukatandika leso kwenye wilbaro, Kasyoka akaketi, Kalekye akasukuma. Alishika mikono ya wilbaro akatukana kila jiwe la kile kilima, kwa majina ya waliolichimbua. Tulipofika, wageni walikuwa wameketi. Mchoraji alikuwa mstari wa mbele. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Mikono ile ile.

Alituona. Akaruka kitini, akaja mbio.

"Bibi yangu! Kasyoka, habibti! Umekuwa msichana! Uko darasa la ngapi sasa?"

Kasyoka akaniangalia mimi.

"Amekuuliza wewe," nikamwambia. "Mjibu."

"Sijaingia," Kasyoka akasema.

Mchoraji akacheka. Alidhani ni mzaha, maana mtoto alijulikana kwa mzaha. Kisha akaiona wilbaro. Akageuka akatazama mlango wa darasa la kwanza, pale alipochora mteremko mweupe. Ngazi zile zile, zimevunjika pembeni zaidi. Aliangalia muda mrefu. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mzee.

"Bibi. Mimi nilifikiri..."

"Nilikwambia. Uani kwa Twaha, na karatasi zako zimeanikwa."

"Nilimpigia simu mwalimu..."

"Ulimshukuru."

Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu miaka mingi, nikidhani yatakuwa mengi. Yalikuwa machache tu. "Wanakuita huko mbele," nikasema. "Nenda ukawaambie kwa mdomo wako."

Kweli Pasta Kioko alikuwa anamwita. Akaenda. Akashika kipaza sauti. Aliongea Kiswahili chake cha Bi Rukia, polepole, na pasta akatafsiri kwa Kikamba kwa ajili ya wazee.

"Picha ya mwisho katika kitabu hiki si kweli," akasema.

Pasta Kioko akasita kidogo tu. Halafu kwa Kikamba, kwa sauti ya Jumapili, "Mgeni wetu anasema kitabu hakiwezi kumaliza kueleza wema wa shule hii! Tumpigie makofi ya kilo!"

Waliosikia Kiswahili chake walidhani mgeni amekosea maneno, wakamwamini pasta, wakapiga makofi. Pa-pa, pa-pa, pa! Watoto wakapenda.

Mchoraji akatikisa kichwa. "Hapana. Mtoto hasomi hapa. Hajawahi kusoma hapa. Nilichora uongo."

"Ni mnyenyekevu!" Pasta akatangaza. "Anasema yeye si kitu bila sisi! Ya kilo tena!"

Kalekye alikuwa ameshika kiuno, anacheka kicheko kisicho na furaha. "Huyu pasta angetafsiri hata mazishi yakawa harusi." Mutuku alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilifikiri basi, imeisha hapo. Mtu huyu siku zote akirekebishwa alirudi kwenye njia yake, na hapa umati mzima ulikuwa unamrudisha. Makofi ni matamu. Lakini akaweka kipaza sauti juu ya meza. Akachukua kitabu, akakifungua ukurasa wa mwisho, akakiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akatembea katikati ya watu bila kusema neno mpaka kwenye wilbaro. Akasimama karibu na Kasyoka, kitabu juu, mtoto chini. Hapo pasta hakuwa na cha kutafsiri. Makofi yakafa safu moja moja, kuanzia nyuma, kwa waliokuwa karibu nasi.

Afisa wa kaunti wa sasa ni kijana, Musyoki, mtoto wa Kaluki wa Kambu. Alitoka hemani, akachuchumaa mbele ya wilbaro, akaangalia miguu ya mtoto, akaangalia picha.

"Msichana, wewe ndiye huyu?"

Mchoraji alikishusha kitabu, Kasyoka akakivuta, akaitazama ile picha karibu sana, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kyondo.

"Hapana," akasema. "Huyu anajua kusoma."

Musyoki akainuka, akaenda mpaka kwenye zile ngazi, akazikanyaga moja baada ya nyingine. Alipotoka huko alimsemesha Mutuku kwa sauti ya chini. Mutuku akasema ndiyo, ndiyo, tangu Jumatatu, watatafuta mbao za mteremko, choo kitaangaliwa. Nikasikia kila neno, na nikamtaka ayarudie mbele ya Kalekye, akayarudia. Musyoki akasema yeye mwenyewe atakuja Jumatatu. Tutaona. Nimeshaonyeshwa mengi.

Kasyoka alikuwa anamuuliza Muthama, ambaye sasa ni mwanamume mwenye sauti nzito, kama madawati ya gredi ya kwanza ni mafupi, na kama watoto wadogo wanakojoa darasani. Muthama akasema wanakojoa. "Basi nitawafunza adabu," Kasyoka akasema.

Mchoraji alikuwa bado amesimama pale. Walimwita kwenye chakula cha wageni, hakwenda. Alinyoosha mkono wake mzuri kwangu, haukunifikia, ukabaki hewani.

"Bibi," akasema. "Utanisamehe?"

Nilimtazama. Nilijua jina lake lote, na la baba yake, na mtaa wake ambao haupo. Nilijua alichofanya leo ni kigumu. Pia nilijua miaka ile hairudi, na kwamba mjukuu wangu ataketi na watoto waliozaliwa baada ya kitabu kile.

"Asome kwanza," nikamwambia. "Siku atakayokusomea kitabu chako mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mwanzo, uje uniulize tena."

Nikashika mkono mmoja wa wilbaro, Kalekye akashika mwingine, tukaanza kushuka.